Kuna Mwenye Nyongeza?

Kwanza niseme ukweli: aliandika vizuri. Nimesahihisha insha za watoto kwa miaka zaidi ya thelathini, na mtu anayejua kuandika nikimwona namjua. Mwenyekiti alijua. Sentensi zake zilikuwa fupi, hazikuwa na mapambo, na zilikuwa na kitu ambacho sijaweza kumfundisha mwanafunzi hata mmoja. Ukishazisikia, unaanza kuyakumbuka mambo jinsi zilivyoyasema zenyewe, hata kama ulikuwepo na ulijionea kwa macho yako kwamba yalikwenda vingine.

Alichokuwa akiandika ni historia za marehemu. Huku kwetu Mbozi jeneza halishushwi kabla historia haijasomwa: marehemu alisoma wapi, alibatizwa lini, alioa nani, ameacha watoto wangapi, aliugua nini, alifariki saa ngapi. Vijiji vingine familia inaandika yenyewe, mjukuu anasoma kwa kubabaika, watu wanavumilia jua. Katika kijiji chetu, huku juu ya Ihanda, kwa miaka zaidi ya ishirini historia zote ziliandikwa na mtu mmoja. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji na alikuwa mzee wa kanisa. Siku za kazi tulimwita Mwenyekiti, Jumapili tulimwita Mzee, na msibani kila mtu alimwita atakavyo, kwa sababu alikuja akiwa vyote viwili.

Mimi nilikuwa mkono wake. Yeye kichwa chake kilikuwa safi lakini mwandiko ulikuwa wa kuku, na aliona aibu karatasi yenye mwandiko ule ikifika wilayani. Basi mtu akifa, asubuhi yake ningesikia kikohozi barazani kwangu. Anakaa kwenye kile kiti cha kamba, anavua kofia, anaiweka juu ya goti, anaanza kutaja. Naandika nakala mbili. Moja ya kusomwa kaburini, nyingine ya faili la kijiji. Ile ya faili ndiyo mtendaji aliyoitazama akiandika barua ya familia kwenda kuombea cheti cha kifo. Ukilielewa hilo umemwelewa Mwenyekiti. Alichokisema juu ya shimo ndicho kilichokuwa kweli kwa serikali, kwa kanisa, na baada ya miaka kadhaa kwa wajukuu.

Alikuwa na namna yake ya kumaliza. Anakunja karatasi mara mbili, anavua miwani, anawatazama watu kuanzia kwaya mpaka wale waliosimama nyuma kwenye mibuni. Kisha anasema, "Hiyo ndiyo historia ya ndugu yetu. Kuna mwenye nyongeza?" Ananyamaza kidogo. "Hakuna. Imepita." Maneno hayo hayo aliyatumia kwenye mkutano mkuu wa kijiji akithibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Wageni kutoka Tunduma walikuwa wakicheka chinichini. Sisi tulizoea.

Na hakuna aliyeongeza. Kubishana mbele ya jeneza kwetu ni kumtukana aliyelala ndani yake. Nimemwona mjane akisikiliza kimya ikisomwa kwamba mume wake "alikuwa mtu wa mke mmoja," na yule wa pili amekaa mstari wa tatu na watoto wake watatu. Adabu yetu ilikuwa kubwa mno, na Mwenyekiti alivijua vipimo vyake kuliko sisi wenyewe.

Mara moja tu nilisikia nyongeza. Bibi mmoja, ndugu yake alikuwa amekufa kwa uzee, alisimama na fimbo yake akasema, "Umesahau kwamba alikuwa anacheka sana." Watu wakaguna kwa hofu. Mwenyekiti akatoa kalamu mfukoni, akaandika palepale kwa ule mwandiko wake, akasoma: "Alikuwa anacheka sana." Kisha akamshukuru bibi. Nilimpenda siku ile, sifichi.

Kwa sababu alikuwa mwema pia, na hapo ndipo ugumu wa kumweleza unapoanzia. Pikapu yake ilibeba wajawazito wangapi kwenda hospitali ya Vwawa, sijui, na hakuwahi kumwambia mwanamke anayeumwa uchungu asubiri mvua ipite. Miti ya shuleni aliipanda yeye. Kaburini machozi yalimtoka kweli, siyo ya kupangusa kwa leso mbele ya watu. Na kila nyumba yenye msiba alipelekea chumvi. Hii ilikuwa desturi yake mwenyewe, hatukuirithi kwa mtu. Alikuwa na ndugu kule Ivuna wanaopika chumvi, wakimletea magunia, ile ya kijivu yenye punje kubwa. Kabla watu hawajawasha moto wa kupikia waombolezaji, mgambo mmoja alikuwa ameshafika na chumvi imefungwa kwenye gazeti, kiasi cha kilo mbili. "Mwenyekiti anawapa pole." Watoto wakiiona chumvi ile njiani waliuliza nani kafa.

Juu ya pombe alikuwa mkali. Kanisani aliwahi kumsimamisha fundi mashine aliyenuka komoni, akamtoa nje wakati wa wimbo, na yule fundi hakurudi tena mpaka alipoletwa na sisi amelala jenezani. Sasa mwaka mmoja nilikwenda Tunduma kununua vitambaa vya sare za kwaya, nikavuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, kwa sababu kule vilikuwa rahisi. Nikaingia sehemu moja kuomba kukaa, miguu ilikuwa imevimba. Mwenyekiti alikuwa pembeni, hana kofia, chupa nne mezani, anacheka na madereva wa malori. Nilidhani atajificha. Aliniita, tena kwa salamu ya kule!

"Mwalimu! Mulishani?"

"Bwino, Mwenyekiti," nikajibu, maana sikujua nijibu nini kingine.

Akaninunulia soda. Alipoona macho yangu yako kwenye zile chupa, akanisogelea, akasema taratibu, bila aibu hata kidogo, "Mwalimu, huku ni nchi nyingine."

Jumapili iliyofuata alisoma tangazo la wazee wa kanisa juu ya ulevi, akanitazama mimi usoni muda wote wa kulisoma. Nikainamisha kichwa. Nilikaa wiki nzima nikijiuliza kwa nini niliyeona aibu ni mimi. Baadaye nilielewa kwamba kwake ilikuwa hivyo kila mahali. Ofisi ya kijiji ilikuwa nchi moja, kanisa nchi nyingine, Nakonde nyingine, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuvuka.

Alipenda utani. Mtu akimbishia mkutanoni, hakugomba. Alitabasamu, akamwambia, "Ndugu yangu, historia ya kwako nimeshaianza. Usinilazimishe niimalize." Mkutano mzima ulivunjika mbavu. Hata yule aliyeambiwa alicheka. Mimi nilicheka sana, kwa sababu nilijua kwamba nisingeandika bila yeye kunitajia, na alikuwa hajanitajia kitu. Nilikuwa najiona niko upande wa wanaojua.

Siku alipomwambia maneno hayo mdogo wangu Elia, nilicheka pia.

Elia alikuwa mkulima wa kawaida, ekari mbili za kahawa, na kipande cha bustani kwenye bonde la kijiji, ambako familia nyingi hulima kabichi na maharage wakati wa kiangazi. Mwenyekiti alileta mkutanoni muhtasari uliosema kwamba wananchi wameridhia bonde lipewe mwekezaji mmoja kutoka mjini. Akauliza kama kawaida, kuna mwenye nyongeza? Elia akasimama. Akasema, "Mimi nilikuwepo kikao hicho. Hatukuridhia. Na huyo mwekezaji ni shemeji yako." Ndipo Mwenyekiti akatabasamu, akasema lile la kwamba ya kwake ameshaianza, na watu wakacheka, na mimi dada yake nikacheka. Elia hakukaa. Aliendelea kusimama mpaka kicheko kikaisha, akasema tena, "Hatukuridhia." Watu wawili watatu nyuma wakaitikia, "Kweli." Muhtasari haukupita siku ile. Ilikuwa mara ya kwanza.

Jumamosi mgambo walimchukua shambani, wakasema ana deni la nguvu kazi, hakwenda kuchimba msingi wa zahanati. Walimfungia kwenye stoo ya mbolea nyuma ya ofisi. Jumapili, wakati sisi tuko ibadani na Mwenyekiti anasoma zaburi mbele yetu, Elia alikuwa stoo, hatua mia mbili kutoka pale. Walimtoa Jumatatu asubuhi. Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu yake, akalala, hakuamka tena kutoka kitandani. Mke wake, wifi yangu, alinionyesha mgongo wa Elia. Sitauandika hapa ulivyokuwa. Nimeuandika mahali pengine, nitaeleza.

Nilimwambia wifi tumpeleke Vwawa. Akaniambia ameshakwenda kuomba pikapu, ameambiwa imeharibika. Tulianza kutafuta pikipiki ya kubeba wawili, Elia katikati na mtu wa kumshikilia nyuma. Hiyo ilikuwa Jumanne mchana. Tukiwa tunahangaika uani akaja mgambo na kifurushi cha gazeti, akakiweka jikoni, akasema haraka haraka bila kututazama, "Mwenyekiti anawapa pole," akaondoka.

Wifi alikifungua. Ilikuwa chumvi ya Ivuna.

Elia alikuwa hai. Alikuwa anaomba maji, tulikuwa tunamsikia kutoka pale tuliposimama. Alifariki kesho yake, Jumatano, kabla ya saa sita.

Alhamisi asubuhi nilisikia kikohozi barazani. Nilitoka na karatasi na kalamu, na nikiulizwa kwa nini nilitoka navyo nasema ni mazoea, na mazoea ni jibu la kweli ingawa linaniaibisha. Alikaa, akavua kofia. Macho yalikuwa mekundu. Nadhani alikuwa amelia. Akaanza kutaja: alizaliwa, alibatizwa, alisoma mpaka darasa la saba, alifunga ndoa. Yote sahihi, hata jina la mwalimu wake wa kipaimara alilikumbuka. Kisha akasema, "Kwa muda mrefu marehemu alikuwa akisumbuliwa na kifua."

Nikasimamisha kalamu.

"Andika, Mwalimu."

"Mwenyekiti, Elia hakuwa na kifua."

Akaigeuza kofia juu ya goti. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, umebakiza miaka mitatu ustaafu. Nyumba hii unayokaa ni ya shule. Na wewe mwenyewe umeshawaandikia wangapi kifua?"

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Nilirudi nyuma kichwani, mmoja mmoja, karatasi kwa karatasi. Yule fundi mashine, kifua. Msichana wa kwaya aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani kwa Mwenyekiti, kifua. Mzee aliyekataa kuhamisha uzio wake, kifua. Nilikuwa nimeziandika zote kwa mwandiko wa kuunganisha, mzuri, na nukta mahali pake. Nikaandika.

Kaburini alisoma vizuri kuliko siku zote. Wanawake walilia mpaka mmoja akazimia. Akakunja karatasi, akavua miwani. "Kuna mwenye nyongeza?" Safari hii alinyamaza kwa muda mrefu, na alikuwa akinitazama mimi. Wifi naye alinitazama. Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa na udongo mwekundu, na kamba ya kushoto ilikuwa imelegea, na nilikazana kuifikiria ile kamba.

"Hakuna. Imepita."

Wifi alikwenda kulalamika wilayani peke yake. Alisikilizwa, akaulizwa kama ana maandishi. Faili likaletwa. Wakamuuliza: mbona historia iliyosomwa mbele ya kijiji kizima inasema kifua? Nani alipinga? Na mwandiko huu ni wa nani? Akasema ni wa dada wa marehemu. Wakamrudishia karatasi. Aliporudi alipitia kwangu, akasimama nje ya uzio, akasema, "Wifi, uliandika wewe." Hakuniita tena wifi kwa miaka minne. Tunachota maji bomba moja. Bonde likaenda kwa shemeji yake Mwenyekiti, na bustani ya Elia ikalimwa na trekta.

Sasa nije kwenye mwaka huu.

Nimestaafu, nina kijumba changu mwenyewe. Mwenyekiti si mwenyekiti tena, figo zimemchosha, na kiti amekalia mwanawe mkubwa, mtu mzima wa miaka arobaini, ambaye nilimfundisha darasa la tatu. Baada ya mavuno ya kahawa huyo mwana alinipigia simu, akasema mzee ananiomba niende. Nilikwenda mchana, baada ya chakula. Nilimkuta sebuleni, amefunikwa blanketi na jua linawaka, miguu imevimba, sauti ndiyo imebaki ileile.

"Mwalimu. Umekuja na kalamu?"

Nilikuwa nayo. Mazoea.

Akanitajia ya kwake. Ilichukua saa nzima. Ilikuwa nzuri, na nilivyokuwa naandika nilianza kumkumbuka mtu huyo anayemtaja: aliyebeba wajawazito, aliyepanda miti, aliyelia na wanaolia. "Aliwaongoza watu wake kwa amani, na hakuna aliyetoka mikononi mwake akinung'unika." Hiyo nayo niliiandika. Alipomaliza akaomba nimsomee. Nikamsomea. Akafumba macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Utanisomea wewe," akasema. "Mwanangu anasoma haraka mno."

"Nitasoma, Mzee. Na nikimaliza, nitauliza kama kuna mwenye nyongeza?"

Akafumbua macho. Mkono ukatoka chini ya blanketi, ukanishika kiganja kwa nguvu ambazo sikuzitegemea kwa mgonjwa. Nimemwona mtu yule akiwatazama watu waliokuja na mapanga juu ya mpaka wa shamba bila kupepesa jicho. Sikuwahi kumwona akiogopa. Nilimwona siku ile.

"Usiulize," akasema. "Mwalimu, nakuomba. Soma, kunja, wateremshe jeneza. Usiulize."

Nilimhurumia. Nimeahidi kusema kweli, basi na hiyo niiseme: nilimhurumia sana, na kama angeishia pale huenda ningekubali. Lakini alikuwa Mwenyekiti, hakujua kuomba bila kushika kitu mkono wa pili. Akaonyesha kwa kidevu bahasha iliyokuwa mezani. "Na mimi nimekuandalia ya kwako. Isome."

Ilikuwa historia yangu. Mahali nilipozaliwa, vituo vyote nilivyofundisha, na hakuna kosa hata moja. Chini kabisa: "Marehemu alikuwa akisumbuliwa na shinikizo la damu, na alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, tarehe," halafu nafasi wazi. Sina shinikizo la damu. Lakini kilichonitoa jasho si hicho. Ni mwandiko. Ulikuwa mzuri, wa kuunganisha, herufi zimelala kulia kidogo, nukta mahali pake. Niliutambua mara moja kwa sababu niliufundisha mimi, darasa la tatu, kwa rula.

Mwana alikuwa amesimama mlangoni kwa ndani. Sikujua amekuwepo kwa muda gani. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, kwa heshima zote. "Mzee amechoka sasa."

Nilisimama. Nikamwambia yule mzee, siyo mwanawe, "Nitauliza."

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi. Nilisimama nje ya uzio kama alivyosimama yeye miaka ile, nikamweleza yote, na nikampa bahasha. Hakunikaribisha mara moja. Alisoma mpaka mwisho, akarudia ile sehemu ya shinikizo la damu. Kisha akafungua lango.

"Andika ya Elia upya," akasema. "Na mgongo wake uuandike. Na huyo mzee muandike alivyo, mazuri yake usiyaache, wasije wakasema una chuki. Siku ya kwake utauliza, na mimi nitasimama nisome. Ikitangulia ya kwako, wataisoma wao na watauliza wao, maana hawajui kumaliza bila kuuliza. Nitasimama vilevile."

Ya Elia nimeshaimaliza. Ndiko nilikouandika ule mgongo. Wifi ameipeleka kwa dada yake kule Chitete ikakae huko. Hii ndiyo ya pili, ya mzee. Nimekuwa nikiiandika asubuhi mezani kwake, kwa siku nne sasa, kwa sababu kwangu kalamu haikutaka kwenda.

Leo nilipofungua mlango nije huku, barazani, juu ya kile kiti cha kamba, kulikuwa na kifurushi cha gazeti. Kilo mbili hivi. Kwangu hakuna msiba, na naishi peke yangu.

Nimekuja nacho. Wifi amekifungua, ameonja punje moja, amekifunga tena na kukiweka juu kabisa ya kabati. Akaniuliza nimefika wapi. Nikamwambia nimefika kwenye chumvi.

"Basi malizia," akasema, akavuta kiti, akakaa mlangoni akitazama njia.